Sura ya Sita: Rubarbi na raifori kwenye lupango wa Likasi

Mbegu huja ndani ya bahasha. Mtoto amekwenda Liège au Brussels kusoma, kazi imempata hukohuko, na mwezi wa nane anaporudi Likasi kusalimia anamletea mama yake kikwembe, sabuni ya kunukia na pakiti ndogo yenye picha ya mabua mekundu. Mama anaigeuza pakiti huku na huku. Nyuma pameandikwa kwa Kifaransa: panda Machi au Aprili. Anavuka barabara hadi kwa jirani ambaye bustani yake haikauki hata Septemba. "Yaya, hii kitu itaota kwetu?"

Tangu nianze kuandika juu ya bustani za nyumbani, swali hilo limenijia mara nyingi kuliko jingine lolote, na huja kwa sura mbili. La kwanza ni la rubarbi, mmea wenye majani mapana kuliko sahani na mabua manene yenye uchachu wa kumfumbisha mtu jicho. Ulaya mabua hayo hukatwa vipande, hupikwa kwa sukari, yakawa jemu (konfitiri, kama tunavyosema hapa) au yakatiwa ndani ya keki. La pili ni la raifori, mzizi mweupe mrefu mfano wa muhogo uliokonda. Ukiukuna, machozi hutoka kabla ya pua kujua kilichotokea. Huliwa kidogo sana, pembeni ya nyama au samaki.

Nitaanza na jibu ili asiye na muda aendelee na kazi zake. Rubarbi itaota Likasi kama mgeni wa msimu mmoja, ukiipanda kwa tarehe zetu na si zile za kwenye pakiti. Raifori itakupa majani mengi na mzizi wa kukukatisha tamaa. Uchachu wa ya kwanza na ukali wa ya pili unaweza kuvipata kwa mimea mingine, na baadhi yake inaota tayari kwenye ua wako. Lakini kabla ya yote hayo kuna jambo ambalo mwandishi wa pakiti ya mbegu hakuwa na sababu ya kulifikiria: udongo wa Likasi umebeba nini?

Mimea inayodai usingizi

Rubarbi na raifori ni mimea ya kudumu. Maana yake ni kwamba huipandi upya kila mwaka: shina la chini na mizizi hubaki ardhini, na majani hufa na kurudi. Mgomba ni wa kudumu, mchaichai pia. Tofauti ni kwamba mgomba wetu haulali kamwe, ilhali hii miwili imezoea kulala. Asili ya rubarbi ni Asia ya kaskazini na ya kati, na ya raifori ni Ulaya ya mashariki. Kwao baridi ikishika, majani huanguka, mmea hujificha chini kwa miezi, na ule ubaridi wenyewe ndio unaowasha chipukizi la mwaka unaofuata. Rubarbi inahitaji wiki nyingi za nyuzi 5 au chini yake. Isipozipata huamka nusunusu: mabua membamba, majani madogo, kisha mwaka wa pili au wa tatu inazimika.

Kule Yorkshire, Uingereza, wakulima huihesabu baridi kama mtunza duka anavyohesabu magunia. Huiacha mizizi shambani miaka miwili, huingoja ipigwe na jalidi ya kutosha, kisha huihamishia ndani ya mabanda yenye giza totoro. Huko mabua hurefuka yakitafuta mwanga, mororo na ya rangi ya waridi, na wavunaji huingia na mishumaa ili mwanga usiyakomaze.

Sasa tazama hali yetu. Likasi iko kusini mwa ikweta kwa takriban nyuzi 11 za latitudo, juu ya bahari kwa mita 1,300 hivi. Juni na Julai tunavaa makoti asubuhi, na kwenye mabonde yenye majimaji, yale tunayoyaita dembo, baridi huuma zaidi. Lakini saa nne asubuhi jua limekwishashinda. Usiku mmoja wa nyuzi 7 ukifuatwa na mchana wa nyuzi 25 haumlazi mtu, wala rubarbi. Kisha huja Oktoba yenye joto la nyuzi 32, na baada yake mvua mpaka Aprili. Hapo ndipo penye tatizo ambalo wengi hawalioni. Wanailaumu Oktoba, lakini mara nyingi muuaji ni Januari: kitovu cha rubarbi, pale mabua yanapochomoza, huoza kikikaa kwenye udongo uliolowa wenye joto. Mimi mwenyewe nilipoteza miche yote kwa njia hiyo, nikasema mbegu ilikuwa mbovu.

Nchini Kenya rubarbi hulimwa nyanda za juu, ambako mwinuko hukaribia mita 2,000 au kuzidi na joto la Oktoba yetu halifiki, kwa hiyo mabua yake huonekana katika masoko ya Nairobi. Sisi hatuna mwinuko huo.

Ukitaka kujaribu hata hivyo

Katika sehemu zenye joto za Marekani, kama Florida na Texas, watunza bustani walikata shauri zamani: rubarbi waliifanya mmea wa msimu mmoja, hupandwa kwa mbegu joto linapoondoka na kung'olewa joto linaporudi. Sisi tuko upande wa pili wa dunia, kwa hiyo kalenda yao tunaigeuza.

- Februari au mwanzo wa Machi: loweka mbegu saa chache. Zimezungukwa na ukaya mwembamba kama bawa la kumbikumbi, usiuondoe. Sia kwenye vikopo vilivyotobolewa chini, mahali penye paa, mvua isivipige. Huchipua ndani ya wiki moja hadi tatu.
- Mwisho wa Aprili, mvua inapokata: hamishia nje, mche na mche umbali wa hatua moja kubwa. Tuta liwe limeinuka, na samadi iliyooza kabisa. Rubarbi ni mlafi.
- Mei hadi Agosti: mwagilia kila siku ya pili, weka nyasi kavu juu ya udongo lakini si juu ya kitovu. Ukiona bua lenye ua, likate mara moja.
- Kuanzia Agosti: vuna. Shika bua chini kabisa, lizungushe, livute. Usilikate kwa kisu, kwa sababu kibutu kinachobaki huoza. Acha angalau theluthi ya mabua mpaka mwisho.
- Oktoba: vuna yote, ng'oa, panda kitu kingine.

Usitarajie mabua ya kwenye picha. Yatakuwa membamba kama kidole gumba, na uwekundu utategemea bahati, kwa kuwa rubarbi ya mbegu haifanani na mama yake. Uchachu lakini utakuwapo.

Majani yake usile, wala usiwape sungura au mbuzi. Yana asidi ya oksaliki kwa wingi, yaani kemikali inayonasa chokaa ya mwilini na kuumiza figo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza chakula kilipopungua Uingereza, wananchi walihimizwa kuyapika majani ya rubarbi kama mboga, na watu wakadhurika. Kemikali hiyohiyo imo kwenye lengalenga pia. Bibi zetu waliochemsha lengalenga na kumwaga maji ya kwanza hawakuwahi kulisikia jina oksaliki, na sehemu ya asidi hiyo ilikwenda na yale maji.

Ukali unaozaliwa kwenye kikunio

Raifori ina mambo. Mzizi mzima haunuki chochote. Unaweza kuuweka kitandani. Ndani yake kuna vitu viwili vinavyokaa vyumba tofauti: kimoja huitwa sinigrini, chenye salfa, na kingine ni kimeng'enya, yaani kichocheo cha kubadilisha vitu. Ukuta ukivunjwa kwa kukuna au kuponda, viwili hivyo hukutana na kuzaa mafuta makali yanayoruka hewani na kupanda puani. Ndiyo sababu ukali wake hauchomi ulimi kama pilipili: hupiga kichwani, kisha hutoweka. Siki huusimamisha mchezo huo na kuhifadhi ukali uliokwishapatikana. Ukitia siki mapema unapata raifori ya upole, ukichelewa dakika tatu unapata ya kulia. Moto huuharibu kabisa. Mpishi anayeitia ndani ya mchuzi unaochemka anapoteza pesa.

Haipandwi kwa mbegu bali kwa vipande vya mizizi, kama muhogo kwa vijiti. Mzizi mbichi kutoka nje ya nchi unaweza kubeba magonjwa na minyoo ya udongo, ndiyo maana pale mpakani Kasumbalesa au uwanja wa ndege unatakiwa kuwa na karatasi za SQAV, huduma ya karantini ya wanyama na mimea. Tuseme umeupata kihalali. Utaota, na kwa nguvu. Lakini mmea huu huweka akiba mzizini siku zinapopoa na majani kufa. Hapa majani hayafi. Mwaka mzima unavishwa mashuka ya kijani, na chini unachimba kitu cha ukubwa wa kalamu. Watu wa nchi za baridi wanalalamika kwamba haing'oki. Sisi tatizo letu ni kwamba hainenepi.

Kabla hujasikitika, jua kwamba raifori yenyewe imewahi kuwa mbadala wa kitu kingine. Katika Pasaka ya Kiyahudi watu hula mboga chungu kukumbuka utumwa wa Misri. Kandokando ya bahari ya Mediterania mboga hiyo ilikuwa saladi. Waliohamia kaskazini walikuta sikukuu inaingia ardhi bado ina baridi na saladi haijaota, wakachimba raifori, ikawa desturi. Wayahudi wa Lubumbashi, wengi wao asili yao ni kisiwa cha Rhodes chenye jua la kutosha, na watu wa kule walibaki na saladi. Leo hii ile wasabi ya kijani inayoletwa na samaki mbichi katika hoteli nyingi duniani ni raifori iliyotiwa rangi, maana wasabi halisi ni ghali na ngumu kulima. Kwa hiyo unapotafuta kitu cha kusimama mahali pa raifori, unafuata njia iliyokwishakanyagwa.

Kwanza ulize udongo

Likasi haikuzaliwa kwa sababu ya rutuba. Ilizaliwa kwa sababu ya shaba, na kwa miaka mingi iliitwa Jadotville, jina la Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyekuwa mkubwa wa kampuni. Kampuni hiyo, Union Minière, iliundwa mwaka 1906. Ilipotaifishwa mwaka 1967 mali zake zikawa za kampuni ya serikali tuliyoizoea kwa jina la Gécamines. Kiwanda cha Shituru kimekuwa kikitoa shaba kwa umeme tangu 1929. Panda kulikuwa na mitambo ya kusaga na kuyeyusha mawe. Moshi na vumbi la karibu miaka mia havikuondoka vyote na upepo. Vingine vimetua kwenye viwanja tunavyolima. Maji machafu ya viwanda nayo yameshuka kwa mto Panda hadi Lufira na Ziwa Tshangalele, lile lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha.

Shaba kidogo ni chakula cha mmea. Ikizidi, mizizi hugota, hugeuka mifupi na ya kahawia, na majani machanga huwa ya njano kwa sababu mmea unashindwa kunywa chuma. Kobalti na kadimi, metali zinazofuatana na madini yetu, ni za hila zaidi: mmea unaweza kuzinywa ukabaki kijani na kuvutia sokoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, waliwapima watu mkojo na mwaka 2009 wakatangaza walichokiona: wanaokaa chini ya kilomita tatu kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto kuliko watu wazima. Watoto hucheza chini, hulamba vidole.

Usifikirie viwanda peke yake. Mwaka 2014, mtaa wa Kasulo kule Kolwezi, madini yaligunduliwa chini ya nyumba na watu wakachimba ndani ya viwanja vyao wenyewe. Hata pasipochimbwa, magunia ya mawe yakiwekwa nyuma ya jiko kwa miezi miwili, au yakioshwa hapo, unga wake umebaki hapo. Muulize mwenye lupango (kiwanja cha nyumba) wa zamani nini kilikuwa kona ile kabla ya bustani. Swali hilo halina gharama.

Mimea ya kudumu inalifanya jambo hili kuwa zito. Lengalenga iko ardhini wiki tano. Rubarbi kwa tabia yake hukaa miaka kumi mahali pamoja, ikinywa. Na kwa raifori unakula mzizi wenyewe. Kwa kawaida metali hujaa zaidi mzizini, hupungua kwenye majani, na huwa chache kabisa kwenye tunda na nafaka. Kwa hiyo aliye karibu na kiwanda namshauri apande nyanya, biringanya, maboga, maharage na mahindi. Majani ayapunguze, na mizizi aiache.

Jinsi ya kuuliza? Jibu la uhakika liko maabara, na kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimefanya kazi nyingi juu ya udongo wa namna hii. Ukiwa hujafika huko, chukua ndoo mbili, moja udongo wa lupango, nyingine udongo wa msituni mbali na mji. Panda maharage kumi kila ndoo. Baada ya wiki tatu yang'oe, yaoshe, linganisha mizizi. Mizizi mibovu ni ushahidi dhidi ya udongo wako. Mizizi mizuri, kwa bahati mbaya, haiusafishi: inasema tu kwamba shaba si nyingi mno.

Dawa ya nafuu tunayo nyumbani. Kakontwe, hapa karibu, ni jina la mawe ya chokaa ambayo wanajiolojia wanayajua mbali sana na Katanga. Chokaa hupunguza uchachu wa udongo, na udongo ukipungua uchachu, shaba na wenzake hushikamana na chembe za udongo, mizizi isiweze kuzinyonya kirahisi. Haziondoki, zimefungwa tu. Kwa mita moja ya mraba, unga wa mawe ya chokaa viganja vinne au vitano vinatosha kuanzia, ukichanganya na samadi nyingi. Chokaa iliyochomwa ya waashi ni kali: tumia nusu, kinga macho na mikono, na ungoje wiki tatu kabla ya kupanda.

Wengine hutumia udongo wa vichuguu, vile vikubwa vya Katanga vinavyoizidi nyumba kwa kimo. Ni wazo zuri, kwa sababu mara nyingi una chokaa na mfinyanzi. Lakini mchwa huchota udongo kutoka chini sana, na watafuta madini wamewahi kuvisoma vichuguu kama barua kujua kilichomo chini. Kichuguu kilicho juu ya shaba kitakuletea shaba.

Kwa rubarbi, ushauri wangu ni kuikwepa ardhi kabisa. Pipa lililokatwa katikati, lita mia moja, matundu kumi chini, mawe, kisha udongo wa mbali na samadi. Pipa liwe lilibeba mafuta ya kula au maji. Mji huu umejaa mapipa yaliyobeba asidi na dawa za viwandani. Bei yake ndogo ina sababu.

*Kwa ufupi:*

- Osha majani kwa maji safi ya kutiririka mara mbili. Vumbi la juu lina madhara yake hata udongo ukiwa mzuri.
- Menya kila mzizi.
- Usimwagilie kwa kijito kinachopita kiwandani. Tumia maji ya bomba ya REGIDESO, ya kisima au ya mvua.
- Mimea ya kudumu iende kwenye pipa, ya msimu kwenye tuta lenye chokaa.

Uchachu uko kwenye ua

Mama wa pakiti anataka nini hasa? Si majani mapana. Anataka jemu chachu yenye rangi, ile aliyoionja mwanawe kwa watu. Mmea wa kazi hiyo anaupika kila wiki na samaki: ngai-ngai. Wenye jamaa upande wa Zambia huziita mboga za jamii hii lumanda, na Watanzania wanaijua kwa kinywaji chake chekundu, choya. Majani yake tunayamaliza mapema, na hapo ndipo tunapokosea, maana hazina iko kwenye ua. Petali zikishaanguka, vikombe vinavyolishika tunda huvimba, huwa vinene, vyekundu sana, na vichachu kwa namna inayomkumbusha mtu rubarbi.

Tafuta aina yenye mashina mekundu. Panda Novemba mvua ikishatulia, mita moja kati ya mche na mche, na katika mistari miwili ya mwisho usichume majani hata jirani akikuomba. Ngai-ngai husubiri siku zifupike ndipo itoe maua, kwa hiyo hata ukiipanda Septemba haitakuwahisha sana. Vikombe huwa tayari kuanzia Aprili, mvua ikiwa imekwisha, jambo ambalo ni heri kwa kukausha.

Kwa kilo moja ya vikombe, toa matunda ya kijani yaliyo ndani ila usiyatupe. Yachemshe peke yake katika vikombe vitatu vya maji kwa nusu saa, chuja: maji hayo mazito yana pektini, kitu kinachoifanya jemu igande. Tia vikombe vyekundu ndani yake, chemsha mpaka vilainike, kisha sukari robo tatu ya kilo. Koroga. Tone likiwekwa kwenye sahani baridi na lisitiririke, imeiva. Ukiwa umepata rubarbi yako ya Agosti, changanya nusu kwa nusu na vikombe vilivyokaushwa, na wekundu utatoka kwa ngai-ngai.

Na ukali?

Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni haradali ya mbegu za kahawia, ndugu wa kabichi. Mbegu zake zina sinigrini ileile ya raifori, si mfano wake. Panda Aprili kwenye tuta lenye maji. Majani yanaliwa kama mboga, na ukiiacha itatoa maganda ya mbegu baada ya miezi mitatu hivi. Saga mbegu kavu, tia maji baridi, si ya moto, ngoja dakika kumi ukali uzaliwe, kisha siki na chumvi. Mtu aliyefumba macho akipewa na nyama ya kuchoma, atataja raifori.

Ya pili ni mti. Moringa, ambayo Watanzania wanaiita mlonge na watu wa pwani ya Kenya mzunze, asili yake ni India chini ya milima ya Himalaya. Waingereza waliokaa India waliona wenyeji wakitumia mzizi wake, wakaukuna wakala na nyama, na hata leo kwa lugha yao mti huo umebeba jina la raifori. Likasi huotesha moringa ingawa Julai huinyong'onyesha na kuangusha majani. Sia mbegu nyingi Novemba. Zikifika urefu wa goti zaidi kidogo, punguza, na ile unayoing'oa ndiyo yenye mzizi mnono wa kukuna.

Ila hapa nasema kwa sauti. Ganda la mzizi wa moringa lina sumu. Limenywe lote mpaka ubaki weupe mtupu, kiasi kisizidi kijiko kidogo, na mjamzito asiguse. Mizizi ya mti uliokomaa iache. Kwa nyumba yenye watoto, mimi nachagua haradali.

Ile pakiti

Tuseme pakiti imefika Agosti. Usiifungue. Iweke kwenye chupa kavu yenye mchele kidogo chini, uifunge, uitie frijini au mahali penye ubaridi. Novemba sia ngai-ngai. Februari fungua pakiti, sia nusu yake ndani ya vikopo, na nusu irudi kwenye chupa kwa jaribio la mwaka unaofuata. Mbegu za rubarbi huchoka baada ya mwaka mmoja au miwili, usizirithishe. Aprili una kazi nyingi kwa wiki moja: vikombe vya ngai-ngai vya kuchuma, haradali ya kusia, miche ya rubarbi ya kuhamishia kwenye pipa. Na kijana akipiga simu kuuliza alete nini safari ijayo, mwambie kikunio kizuri cha chuma.